Tumechoka kuambiwa "ngojeni Mwache" na mifereji imekauka

Jamani watu wa Mombasa, leo siwezi kunyamaza. Hii ni siku ya kumi na moja huku Mikindani mfereji hautoi maji ya maana, na jana asubuhi bili ikaingia kwenye simu: shilingi 1,840. Ya maji gani?

Jumamosi nilikesha. Jirani aliniambia maji huja saa nane za usiku, nikatega ndoo nikakaa kwenye kigoda. Saa tisa kasorobo bomba likaanza kukoroma, ukatoka upepo. Nikamulika mita kwa tochi, naona inazunguka! Upepo mtupu, na mita inahesabu. Maji yenyewe yalikuja mekundu kama chai ya rangi, nusu ndoo, yakakatika.

Ofisini kwa kampuni ya maji nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza niandike barua. Mara ya pili barua haionekani. Mara ya tatu kijana wa dirishani ananiambia, "Mama, lipa kwanza. Halafu vumilieni, bwawa la Mwache likikamilika shida hizi zitakwisha."

Mwache! Mimi bwawa silipingi. Fulugani, linakojengwa, si mbali na kwangu, ukishapita Mazeras umekaribia. Ukuta wa zaidi ya mita 80 kwenda juu, lita milioni 186 kwa siku, Mombasa na Kwale wagawane: mwenye kiu gani atakataa? Na wenzetu wa Kinango wameacha mashamba ya wazee wao ili sisi tunywe, hilo tusilisahau. Lakini pesa za Benki ya Dunia za mradi huo zilipitishwa 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anajitwika mtungi wa lita 20.

Tena hayo maji tuliyonayo yanakwenda wapi? Ya chemchemi za Mzima yanateremka yenyewe kutoka Tsavo, kilomita kama 220, bila pampu, katika bomba lililolazwa miaka ya 1950. Limezeeka, linavuja, linatobolewa njiani. Visima vya Baricho kule mto Sabaki ni pampu za umeme. Stima ikipotea, Kisauni wanalala na kiu. Maji ya chemchemi ya Marere, Shimba Hills, tunayanywa tangu enzi za mkoloni. Ukijumlisha yote, na visima vya Tiwi juu yake, mji haupati hata nusu ya mahitaji yake. Sasa bwawa likijaa, maji yatapita wapi? Si mabomba haya haya yaliyooza? Bwawa halitaziba bomba linalomwaga maji barabarani Changamwe, wala halitaifundisha mita yangu kutofautisha maji na upepo.

Wenye malori ya maji hawakosi maji hata siku moja. Wanajaza wapi? Naomba jibu la swali hilo tu.

Mtungi wa mkokoteni ni shilingi 30, wiki hii umefika 50. Nyumbani tuko sita, mitungi sita haitoshi, na nguo tunafua kwa maji ya kisima ya chumvi. Hujui hata mtungi ule umejazwa wapi. Mjukuu wangu ameharisha wiki nzima, nimemkimbiza hospitali usiku, macho yamemuingia ndani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na ya kutosha. Haikusema angoje bwawa.

Bili hii silipi mpaka mtu aje hapa usiku aione mita kwa macho yake.

Mlioko Magongo, Chaani, Kisauni, Likoni, Mji wa Kale: andikeni mtaa wenu, siku ya mwisho mfereji ulipotoa maji, na bili mliyoletewa. Jumatatu asubuhi nayapeleka yote ofisini kwa mkono wangu, na dirishani sibanduki.