USHAURI: Usukani wa Celica ya 1976 umelegea, nichukue raki nyengine?

Kijana wa Tibirinzi
Assalaam alaykum wakuu. Celica ya 1976, ile ya mlango wa nyuma unaonyanyuka, injini 18R. Usukani unacheza. Naukata vidole vitatu hivi ndio matairi yanasikia. Ukishuka vilima vya kwendea Mkoani gari inatangatanga kama ngalawa ilioacha usukani wake pwani. Tairodi endi (vile viungo vya ncha za fimbo zinazokata matairi) zote mbili mpya, alaimenti tumepiga kwa kamba. Nimepata raki (ile fimbo ya meno inayosukuma tairodi) ya mtumba Dar, laki tatu. Swali langu ni moja tu: niichukue hii au nitafute mpya?

Karafuu Kavu
Wa alaykum salaam. Mdogo wangu, kwanza punguza mwendo. Njia ile ina kona na watoto wa madrasa wanavuka. Gari ya miaka hamsini si ya kushindana na daladala za Chake.

Kijana wa Tibirinzi
Sikuuliza mwendo, kaka.

Fundi Kwerekwe
Usinunue kitu kabla ya kujua mchezo uko wapi. Matairi yawe chini, injini imezimwa. Mtu mmoja akae ndani atikise usukani kulia na kushoto, sentimita 5 tu, taratibu. Wewe lala chini na tochi. Anza juu, kwenye krosi (kiungo cha kupinda) ya shafti ya usukani, ushuke kiungo baada ya kiungo. Pale ambapo upande mmoja unakwenda na wa pili umelala, hapo ndipo. Usitazame tu, shika kwa mkono: kiungo kibovu kinagonga kidoleni kabla jicho halijaona.

Halafu piga jeki, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Shika tairi saa tatu na saa tisa, tikisa: ikicheza ni tairodi. Saa sita na saa kumi na mbili: ni boljointi (kiungo cha mkono wa chini na tairi) au beringi. (Saa za Kiswahili au za Kizungu, hapa hazigombani.)

Pima na mchezo wenyewe kwa rula pembezoni mwa usukani. Toyota mwisho wanaruhusu milimita 30. Vidole vitatu ni kama 50.

Nahodha Mstaafu
Celica! Watoto wa leo hawajui. Safari Rally ya 1984 alishinda Waldegård, 1985 Kankkunen, 1986 Waldegård tena, zote Celica Twin Cam Turbo. Miaka mitatu mfululizo kwenye tope la Kenya. Ile ndio gari.

Mchuzi wa Pweza
Mzee, zile ni Celica za miaka ya themanini. Hii ya mwenzetu ilikuwa ishazeeka wakati huo.

Bint Chumbuni
Jamani subirini. Mbona hakuna anayeuliza? Celica ya 1976 haina raki. Ile ina boksi la steringi, la gololi. Chini ya boksi pana mkono, mkono unavuta fimbo ya kati, upande wa pili pana mkono wa aidla, unaoishikilia tu fimbo hiyo, halafu ndio tairodi. Mwenye gari hiyo angesema "boksi". Huyu kaandika raki mara mbili na bei kaitaja bila kuulizwa. Yakhe, hana gari huyu, ana raki ya kuuza.

Mchuzi wa Pweza
😂 Saa hizi ataandika "bei inazungumzika, njooni pembeni."

Karafuu Kavu
Kumbe! Na mimi nimeshamuusia na watoto wa madrasa.

Fundi Kwerekwe
Dada kasema kweli, na mie nilipitiwa. Kijana, kama gari unayo, tuambie: ukisimama mbele yake, boksi limefungwa wapi na mkono wa aidla uko wapi?

Kijana wa Tibirinzi
Gari ninayo wallahi. Boksi halipo. Fundi wetu alilitoa kwa sababu lilikuwa linavuja na linacheza, akaniambia boksi la gari hii halipatikani tena. Akafunga raki ya Corolla 110, mabano ya kuishikia akayachomelea kwenye krosi memba, kile chuma cha kukingama chini ya injini. Kazi safi, ina miezi minne. Nilijua nikisema mwanzo mtaniambia nirudishe boksi, ndio maana nikauliza la raki tu.

Bint Chumbuni
Haya sasa tunazungumza. Raki ya 110 ni ya pawa, inasaidiwa na mafuta ya pampu. Pampu umefunga?

Kijana wa Tibirinzi
Hapana. Mipira ya mafuta tumeiziba. Gari nyepesi, haihitaji.

Bint Chumbuni
Basi huenda raki yako nzima, na nyengine ukiinunua itacheza vilevile.

Raki ya pawa, shafti ya juu haikushikana moja kwa moja na pinioni, ile gia ndogo inayosukuma meno ya raki. Katikati pana fimbo nyembamba ya chuma inayojipinda. Ule mpindo ndio unaofungua vali ili mafuta yasukume upande unaokata. Pampu ikiwepo, fimbo inajipinda kidogo tu, mafuta yanamaliza kazi. Pampu isipokuwepo, kazi yote inakuja mikononi mwako: fimbo inajipinda digrii chache mpaka vikomo vya chuma vigusane, ndio pinioni inavuta sawasawa. Dereva anausikia kama mchezo, hasa katikati, pale gari inapokwenda sawa.

Hesabu yake: usukani wa kipenyo cha sentimita 38, kila digrii moja ni milimita 3 na ushei pembezoni. Milimita 50 zako ni digrii 15. Sidhani fimbo inakula zote. Zilizobaki zitafute kwenye krosi na kwenye hayo mabano.

Kutofautisha ni rahisi. Mpindo wa fimbo una springi: ukiachia, usukani unarudi wenyewe. Uchakavu haurudi, unagonga.

Na mipira kuziba ni kosa la pili. Mafuta yaliyobaki ndani hayana pa kwenda, silinda inakataa kusogea, usukani unakuwa mzito. Mfereji wa kulia na wa kushoto huunganishwa kwa bomba moja ili mafuta yapite huku na huku.

Kijana wa Tibirinzi
Mzito kweli, lakini nilidhani ni matairi mapana. Sasa hiyo fimbo si tuichomelee tu isijipinde? Fundi kasema anaweza.

Fundi Kwerekwe
Asiiguse! Moto ule unaua sili na beringi ya pinioni, na chuma kilichopikwa kiwandani kikichomwa kinakuwa kama biskuti. Kikikatika hakikatiki gereji, kinakatika kwenye kona.

Nami nina swali baya zaidi. Shafti ya usukani ya Celica na ya 110 hazifanani meno. Waliziunganisha vipi?

Kijana wa Tibirinzi
Walikata wakachomelea, wakazungushia bomba juu yake. Imara. Nishatoa na nusu ya pesa ya raki ya pili, laki na nusu, inakuja na meli ya Mkoani. Nisaidieni hapo hapo nilipo, msinirudishe nyuma.

Karafuu Kavu
Laki na nusu na shingo, kipi ghali?

Fundi Kwerekwe
Bomba lilochomelewa ncha mbili bila pini ya kupita katikati, gari hiyo isitoke uani. Sikutishi.

Tazama na krosi. Zikiwa mbili, uma zake zikae mlalo mmoja, la sivyo usukani unakuwa mwepesi hapa mzito pale. Pembe ya kila krosi isizidi digrii 30 hivi. Zikiwa tatu, lazima pawe na beringi ya kushikilia shafti katikati. Bolti ya krosi lazima ipite kwenye mfuo wa shafti. Ikikaa pembeni ya mfuo, inashika leo tu.

Mabano: sugua kwa brashi ya chuma, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa pakauke, halafu paka chaki ya unga. Penye ufa mafuta yatatoka yatachora mstari kwenye chaki.

Bint Chumbuni
Na kutangatanga kule kilimani si lazima kuwe mchezo peke yake. Shokapu za mbele za Celica zinapanda na kushuka na mkono wa chini. Tairodi lazima ipige tao moja na mkono ule. Raki ikiwekwa juu au chini ya pale, au ikiwa fupi au ndefu kuliko inavyotakiwa, kila shimo linakata tairi bila wewe kugusa usukani. Pima: funga usukani usizunguke, pima upana baina ya matairi mbele na nyuma yake, nyanyua bodi sentimita 5, pima tena, ikandamize sentimita 5, pima tena. Tofauti ikibadilika milimita chache na kuzidi, raki imekaa pabaya, na hakuna alaimenti ya kulitibu hilo.

Boksi la zamani liko wapi?

Kijana wa Tibirinzi
Kwa fundi, chini ya meza. Na mikono yake yote.

Mchuzi wa Pweza
"Halipatikani tena" 😂

Bint Chumbuni
Usicheke, mwenzio yuko njia panda. Kijana, kuvuja ni sili ya shafti ya chini. Hupatikana kwa kipimo, ipeleke ya zamani ulinganishe. Kucheza, mara nyingi si boksi, ni bushi za aidla. Hizo zibadilishe mwanzo. Boksi lirejeshwe na oili ya gia 90. Skurubu ya juu ndiyo ya kukazia, na ikaziwe mwisho wa yote: matairi sawa, legeza nati yake, zungusha robo ya robo, kaza nati, kata usukani mwisho hadi mwisho. Ukigoma katikati umezidisha, rudisha. Wengi wanakaza hapo kwanza ili kuficha viungo vibovu, gololi zinajichimbia njia na boksi linakufa kweli.

Kijana wa Tibirinzi *(siku ya pili)*
Nimefanya. Nimechora chaki kwenye shafti inayoingia kwenye raki. Inazunguka, fimbo ya raki haisogei, nikiachia inarudi yenyewe. Bano la kushoto nalo linapumua, chaki imetoka mstari wa kidole kizima. Raki ya Dar nimepiga simu isipakiwe, pesa ananirudishia nusu. Boksi nimelichukua. Mkono wa boksi nimeukuta umeshatolewa kwenye shafti. Naurudisha vipi usikae upande?

Fundi Kwerekwe
Tazama mwisho wa shafti na uso wa mkono, kila kimoja kina alama. Zikutanishe. Kisha zungusha boksi mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, rudi nusu yake kamili, hapo ndio katikati. Usukani ufungwe sawa hapo hapo, usiupange kwa tairodi.

Mchuzi wa Pweza
Na ile raki iliyomo, utaiuza bei gani? 😂