Naomba ushauri: hosteli tulivu kwenye njia ya hija ya Santiago

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Naandika kutoka Iringa. Mwezi wa tano mimi na mama (miaka 63) tunakwenda Hispania kuhiji kwa miguu, Sarria hadi Santiago de Compostela, kama kilomita 115. Jumamosi tunajipima Kihesa hadi Tosamaganga. Miguu ya mama haina neno, shida ni usingizi. Mlango ukisukumwa tu keshaamka, na asipolala presha inapanda.

Wengi hulala Portomarín, Palas de Rei na Arzúa, chumba kizima vitanda vya ghorofa. Nafikiria tulale vijijini: Ferreiros, Ligonde, halafu Ribadiso, pale hosteli ilipo kando ya mto. Ila hosteli za serikali ya Galicia, jimbo la Hispania njia inakopita, huwezi kuweka nafasi mapema, anayewahi ndiye anayepata, na viza ya Schengen (ya kuingia Hispania na nchi jirani za Ulaya) inataka uthibitisho wa malazi. Niliandikia hosteli mbili za watu binafsi. Moja ina chumba cha watu wawili, nyingine haijanijibu.

Mliokwishatembea, vijiji hivyo usiku ni vitulivu kweli? Na kwenye viza mlionyesha nini kwa siku ambazo hamkuwa mmeshika nafasi? Tumebakiza wiki tisa.