AC dhaifu baada ya kubadili injini, GX100 kutoka 1G kwenda 1JZ: kompresa ipi ibaki?

bonde_kyela
Wakuu, habari za kazi. Toyota Mark II GX100 imetolewa injini yake ya 1G-FE ikafungwa injini ya 1JZ-GE ya mtumba. Kompresa (pampu ya gesi ya AC) ni ile iliyokuja na injini, mabomba ni ya zamani na moja limeungwa katikati. Mbeya mjini inapooza bila shida. Ukishuka Kyela saa nane mchana, gari likisimama inatoa vuguvugu, likitembea afadhali. Gesi imeongezwa mara mbili. Naona njia tatu: (1) kubaki na kompresa ya 1JZ na kutafuta mabomba yake, (2) kurudisha kompresa ya 1G kwa braketi ya kuchomelea, (3) kununua kompresa mpya ya kampuni ya Sanden. Ipi ina faida kabla sijatoa hela?

baridi_uyole
Mkuu, hali ya hewa ya Mbeya isikudanganye. Mji uko mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, Kyela iko bondeni kando ya Ziwa Nyasa. AC yenye nusu ya nguvu itapooza vizuri tu Mwanjelwa, hapo Mbeya mjini, mwezi wa saba wa baridi. Mtihani wake ni Kyela au Chimala mchana.

Na kabla ya kompresa, angalia feni. AC inayopooza gari likitembea na kufa likisimama inalilia upepo kwenye kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele. Washa AC gari likiwa limesimama, shika karatasi ya daftari mbele ya grili. Lazima ivutwe na kuganda pale. Ikiangukia chini, upepo hautoshi; ikisukumwa nje, feni ya umeme inazunguka kinyume, geuza nyaya zake. Kava la feni je, lilirudishwa? Injini ikibadilishwa mafundi wengi huliacha pembeni kwa sababu halikai sawa, na hapo feni inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuvuta ya mbele. Hilo linaniuma kuliko yote, maana mteja anaishia kuuziwa kompresa.

Kisha funga geji zote mbili za presha ya gesi: injini 1,500 kwa dakika, milango wazi, feni ya ndani mwisho, hewa ya kuzunguka ndani. Kwa gesi ya R134a kwenye joto la nyuzi 30 hivi, upande wa presha ya chini uwe bar 1.5 hadi 2.5, wa presha ya juu 14 hadi 16. Zote zikiwa chini, gesi pungufu. Zote juu, gesi imezidi au kondensa haipati upepo. Chini ikipanda na juu ikishuka, hapo ndipo kompresa haisukumi. Chini ikielekea vakyumu (chini ya sifuri), kuna mziba: ekspansheni valvu (inayopima gesi inayoingia kwenye kipoza cha ndani), draya (chujio la kunyonya unyevu), au hilo bomba lako la kuungwa.

kipoza_ipogolo
Naunga mkono, ila nijibu swali lenyewe. Njia ya 1 kwangu ni ya kwanza. GX100 na JZX100 (Mark II iliyotoka kiwandani na 1JZ) ni bodi za familia moja, kwa hiyo tafuta mabomba ya JZX100 yenyewe kwenye spea za mtumba. Usikubali kuunga kwa klempu za kukaza kwa bisibisi. Mpira wa AC unabanwa kwa mashine na fitingi zake. Kama ni kutengeneza, bomba la kuvuta liwe mpira wa namba 10 (ndani milimita 13), la kusukuma namba 8 (milimita 10), la kimiminika namba 6 (milimita 8). Ukipunguza la kuvuta, kompresa inakosa gesi na utailaumu bure. Oringi weka mpya zote, zilizopakwa mafuta ya kompresa.

Njia ya 2 naipinga. Braketi ya kuchomelea ikipishanisha puli hata milimita 2, mkanda unalia na bearing ya klachi ya kompresa (sumaku inayoishikisha na puli) haidumu. Njia ya 3 inafaa tu kompresa ya 1JZ ikithibitika imekufa. Kompresa ya Sanden 7H15 ina ujazo wa cc 155, 10PA17 ya Denso ina cc 178. Angalia lebo ya uliyonayo usije ukashuka kwa hasara. Na hesabu mistari ya puli ilingane na mkanda.

umeme_mafiati
Kaka, usisahau upande wa umeme. Injini ikitolewa, waya wa aridhi kati ya injini na bodi mara nyingi unarudishwa umelegea au una rangi. Pima volti kwenye soketi ya klachi ikiwa imeshika na injini inawaka: ikiwa chini sana ya volti za betri, klachi inateleza. Nafasi kati ya sahani ya klachi na puli pima kwa fila geji (vibapa vya kupimia), iwe milimita 0.35 hadi 0.65. Ikizidi, injini ikipata moto klachi inaachia yenyewe.

Halafu taa ya AC. Ikiwa inapepesa, kompresa za Toyota nyingi zina sensa ya mzunguko. Kisanduku cha AC kinalinganisha mzunguko wa kompresa na wa injini, kikiona havilingani kinakata. Kompresa isiyo na sensa, au mkanda unaoteleza, italeta hilo hilo. Sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) nayo: kontrol boksi ya injini isipopata taarifa kwamba AC imewashwa, haiinui mizunguko, na kompresa inazunguka kivivu foleni.

baridi_uyole
Nyongeza: hita. Bana mipira miwili ya hita kwa plaizi yenye kitambaa kwa dakika tano. Upepo wa ndani ukipoa ghafla, maji ya moto yanapita; kebo ya valvu haikufungwa au mipira imebadilishana.

bonde_kyela
Nimepima Kyela, nyuzi 32. Chini 3.1, juu 22. Kumwagia kondensa maji: juu ikashuka hadi 15 na upepo ukapoa. Hita haina tofauti. Taa haipepesi. Kava la feni halipo.

baridi_uyole
Basi kompresa inasukuma, iache. Rudisha kava kwanza, kisha toa gesi yote kwa mashine ya kukusanya, usiiachie hewani. Ikiongezwa kwa kukisia mara mbili, inawezekana imezidi. Badili draya. Kompresa ikifunguliwa, mwaga mafuta yake kwenye kikombe cha vipimo ukizungusha kitovu kwa mkono, uone ni mililita ngapi na kama kuna chenga za chuma. Mafuta yakizidi yanajipaka ndani ya ivapoleta (kipoza cha ndani ya gari) na baridi inapungua.

Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu kwa pampu, dakika 45, injini ikiwa na joto. Na kwa Mbeya geji itaishia inchi 24 na kitu za zebaki, haitafika 29 kama Dar. Hewa yetu ni nyepesi, pampu haijafa. Funga valvu, subiri dakika 20, sindano isirudi.

kipoza_ipogolo
Gesi ipimwe kwa mizani. Fuata gramu zilizo kwenye lebo ya chini ya boneti, maana kondensa na ivapoleta bado ni za gari hilo. Injini mpya haibadilishi kipimo hicho.

bonde_kyela
Ndaga fijo (asanteni sana) wakuu. Naanza na kava na mabomba ya JZX100. Nitaleta namba za geji kutoka Kyela.