Kisu cha kukunja cha kazi za kila siku na matembezi ya porini: kipi kinahimili vumbi la Dodoma?

MguuNjia (Chamwino)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa kununua kisu cha kukunja ambacho nitakaa nacho kwa miaka mingi. Mimi ni mtumishi wa ugani upande wa mifugo, hivyo siku nyingi nazunguka vijijini kwa pikipiki, na kisu hutoka mfukoni mara kwa mara kwa ajili ya kukata kamba ya katani, kufungua gunia la pumba, kuchonga kijiti au kumenya embe wakati wa mapumziko. Siku za mwisho wa wiki napenda kutembea kwa miguu milimani, hasa upande wa Kolo na vilima vya Irangi, na huko kisu hicho hicho ndicho cha kupasulia vijiti vya kuchemshia chai.

Visu nilivyonunua kwa wachuuzi vilipendeza machoni, lakini havikuvuka kiangazi. Bawaba hulegea, ubapa huanza kucheza kushoto na kulia, na vumbi hujaa ndani mpaka kisu kinafunguka kwa mlio wa kusaga mchanga. Nimesoma mapendekezo mengi mtandaoni, na nimegundua kwamba waandishi wengi wanaishi nchi zenye mvua na unyevu, ambako hofu ya kwanza ni kutu. Kwetu mvua inaanza Desemba na kuisha Aprili, nayo ikikosea hesabu huisha mapema zaidi. Miezi yote inayobaki ni upepo na vumbi.

Ningependa kujua kama ni lazima ubapa uwe na komeo la kuuzuia usijikunje, na kama chuma cha kaboni kina faida yoyote juu ya chuma kisichoshika kutu. Bajeti yangu haizidi shilingi 80,000. Sharti lingine ni kwamba kisu kisifanane na silaha, kwa sababu naingia katika maboma ya watu, na sitaki mzee aliyenikaribisha kigoda aanze kujiuliza nimekuja kufanya nini.

Mhunzi wa Kondoa

Ndugu MguuNjia, umeanzia mahali panapostahili. Wanunuzi wengi huuliza kwanza habari za makali, ilhali makali ni kitu kinachorudishwa kwa kinoo jioni moja, wakati bawaba mbovu hairudi. Mchanga wa huku kwetu unatokana kwa sehemu kubwa na mawe ya graniti, na ndani yake zimo chembe ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kisu chenyewe. Chembe hizo zikiingia katikati ya ubapa na mpini, kila unapofungua na kufunga zinakula chuma kidogo kidogo, na hapo ndipo ule mchezo wa kushoto na kulia unapoanzia. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kisu cha kanda hii ni kwamba ndani yake paonekane na pasafishike. Mpini ulioachwa wazi upande wa mgongo, ambao ukipuliza au ukiusuuza kwa maji vumbi linatoka upande wa pili, unafaa kuliko mpini uliofungwa kama sanduku.

Kuhusu komeo, zipo namna kadhaa na hazivumilii vumbi kwa kiwango kimoja. Ipo ile ya bamba jembamba lililo ndani ya mpini, ambalo kisu kikifunguka hujisukuma lenyewe na kukaa nyuma ya kitako cha ubapa. Ni namna nzuri na unaifunga kwa mkono mmoja, lakini sehemu inayogusana ni ndogo mno, na mchanga ukikaa hapo bamba halifiki mahali pake. Unadhani kisu kimefunga, kumbe kimening'inia ukingoni. Ipo pia ya pete inayozungushwa shingoni mwa mpini. Hiyo ndiyo inayotumiwa na Opinel, kisu cha Ufaransa kilichoanza kutengenezwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, ingawa pete yenyewe ilibuniwa mwaka 1955. Uzuri wake ni kwamba unaiona kwa macho: imezunguka au haijazunguka.

Halafu kuna Okapi, ambacho nadhani hakiheshimiwi inavyostahili. Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, kikikusudiwa makoloni ya Wajerumani barani Afrika, wakati nchi hii nayo ilikuwa mojawapo, na siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini ni wa mbao uliopambwa kwa nyota na mwezi, mgongoni kuna springi ya chuma yenye pete ya kuvutia, na ubapa ukifunguka hulia kwa meno. Hakuna kitu cha siri ndani yake. Hata fundi wa baiskeli anaweza kukiangalia na kuelewa kimekwama wapi. Chuma chake ni cha kaboni, kinanoleka kwa urahisi hata kwa jiwe la mtoni. Kasoro yake kwako ni ile sharti ya mwisho, kwa sababu mlio wa meno na ncha yake ndefu huwafanya baadhi ya watu wakiogope, na katika miji kadhaa ya kusini mwa Afrika kisu hicho kina sifa ya kutumiwa na vibaka. Kwa mtu anayeingia maboma ya watu, nisingekichagua.

Kwa bajeti yako ningetafuta Opinel namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5. Ni jepesi, ubapa ni mwembamba na unakata tunda vizuri kuliko visu vingi vya bei kubwa, na hakuna atakayeliona akashtuka. Tahadhari moja tu: mpini ni wa mbao na mbao hupumua. Kiangazi hukauka na ubapa ukalegea kidogo. Mvua ikinyesha mbao huvimba na ubapa ukabanwa usitoke. Wenyewe wa Savoie hugonga kitako cha mpini kwenye meza ili ubapa uchomoze, kisha wanaushika na kuufungua. Ukiupaka mpini mafuta ya mbao yanayouzwa katika maduka ya rangi, ukauacha ukauke vizuri, tabia hiyo hupungua sana.

Zabibu Hombolo

Namheshimu sana Mhunzi, na kuhusu bawaba sina la kuongeza, ila katika suala la chuma natofautiana naye. Chuma cha kaboni ni kizuri kwa mtu anayekifuta kisu chake kila anapomaliza kukata. Mimi niko shambani, mikono ina utomvu na maji ya zabibu, na kisu kinarudi mfukoni kikiwa hivyo hivyo mpaka jioni. Asidi ya tunda hula chuma cha kaboni hata kama hali ya hewa ni kavu: ubapa hupata mabaka meusi, embe linaachiwa ladha ya chuma, na jasho la mfukoni linamalizia kazi. Ni kweli kwamba Dodoma haina unyevu wa Tanga, lakini mfuko wa suruali ya mtu anayeendesha pikipiki juani una hali ya hewa yake.

Wanaosema chuma kisichoshika kutu hakikai na makali wanazungumzia visu vya bei ya kutupa. Chuma cha namna hiyo kilichotiwa matiko ipasavyo, yaani kilichochomwa na kupozwa ili kiwe kigumu, kinatosha kwa kazi zote ulizozitaja. Tena hata hiyo Opinel aliyoitaja Mhunzi inatengenezwa kwa aina zote mbili za chuma, hivyo hukulazimishwa kuchagua kutu.

Chaguo langu lakini ni la Waswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, na kuanzia mwaka 1891 alikuwa akilipatia jeshi la Uswisi visu vya askari. Kampuni yake ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Victorinox. Miongoni mwa visu vyao uko muundo unaoitwa Farmer, wenye mpini wa alumini, ubapa mmoja, msumeno mdogo wa mbao, msharasi, kifungua kopo na kifungua chupa. Huo msumeno ndio unaonifanya nikitaje. Kijiti kikavu cha mkole au mgunga unene wa kidole gumba ukikikata kwa ubapa unapoteza muda na makali, lakini kwa msumeno ni kazi ya dakika moja, na msharasi unatoboa mkanda au gunia bila kuhatarisha ncha ya ubapa. Mpini wa alumini hauvimbi wala haunywei. Kikijaa vumbi nakisuuza kwa maji ya moto yenye sabuni, nakifungua na kukifunga ndani ya maji hayo hayo, nakikausha juani, basi.

Hakina komeo la ubapa. Kinashikiliwa na nguvu ya springi ya mgongo peke yake. Kwa kukata kwa kuvuta, ambayo ndiyo kazi ya kisu cha mfukoni, hilo halina shida. Anayetaka kuchoma kwa ncha au kupigilia mgongo wa ubapa kwa gogo ili apasue kuni anahitaji panga, au kisu kisichokunjwa. Bei nayo niseme wazi: kikiwa halisi usitegemee kukipata kwa bei ya mnadani.

Mama Msalato

Kaka yangu, mimi niko upande wa nyama, na wanaokuja mnadani siku ya Jumamosi nawaona na visu vyao. Umesema unafanya kazi na mifugo, basi nikuombe kisu cha kukunja usikichinjie wala kukichunia mbuzi, hata kiwe kizuri namna gani. Damu na mafuta vinaingia kwenye maungio, huwezi kuvitoa vyote, na kesho yake unakatia embe hapo hapo. Kuchinja kunataka kisu kirefu kisichokunjwa, na kwetu sisi Waislamu makali yake ni jambo la dini. Chako kiwe cha matunda, kamba na nyama iliyokwisha kuiva.

La pili ni hawa vijana wanaopita na baiskeli za kunolea. Wanafanya kazi nzuri kwenye visu vya jikoni na mapanga, sina ugomvi nao, lakini jiwe lao linazunguka kwa kasi bila maji, na ubapa mwembamba unapata moto haraka. Ukiona ukingo wa makali umegeuka rangi ya buluu, jua matiko yameondoka mahali hapo, na hautakaa na makali tena mpaka sehemu hiyo iishe kwa kunolewa. Nunua kinoo cha pande mbili, upande mmoja wenye chembe kubwa na mwingine laini, utumie maji na mkono wako mwenyewe.

Abiria wa Reli

Naongeza dogo tu, kwa kuwa watu hulisahau. Kisu chochote, hata kidogo kama cha kwenye funguo, hakiruhusiwi kuingia nacho ndani ya ndege. Kiweke katika begi linalokwenda sehemu ya mizigo. Ukienda bungeni au mahakamani, kiache nyumbani. Hata kituo cha treni ya SGR mizigo hukaguliwa, hivyo usikiweke mfukoni ukaja kubishana na askari huku watu wamepanga foleni nyuma yako.

MguuNjia (Chamwino)

Nawashukuru nyote. Hoja ya Zabibu kuhusu jasho la mfukoni imenishawishi, hivyo nimeamua chuma kiwe kisichoshika kutu. Kwa sasa nitatafuta Opinel namba 8 ya chuma hicho, na kile cha Waswisi nitakiwekea akiba taratibu kwa sababu ya msumeno. Nina maswali mawili yaliyobaki. Muuzaji mmoja wa hapa mjini aliniambia nipime kwa sumaku, kwamba ubapa ukinasa basi si chuma halisi kisichoshika kutu. Je, ni kweli? Na mafuta gani yanafaa kwenye bawaba, ikiwa vumbi ndilo tatizo?

Mhunzi wa Kondoa

Kipimo hicho cha sumaku kinafaa kwa sufuria na vijiko, kwa kisu kinakupotosha. Chuma cha vijiko vingi vya mezani hakinasi sumaku kwa sababu ni cha aina isiyoweza kutiwa matiko, na kingetengenezewa kisu kingepinda na kuwa butu baada ya nyanya chache. Chuma cha kisu kinachokubali matiko hunasa sumaku, hata kile kisichoshika kutu. Kwa hiyo ubapa ukikataa kabisa kunasa, mrudishie muuzaji.

Dukani angalia mambo mengine. Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa vidole vya mwingine, ujaribu kuutikisa ubapa pembeni. Kikiwa kipya kisicheze. Kifunge na utazame kwa juu kama ubapa umekaa katikati bila kugusa kuta za mpini. Zungusha pete, kisha gandamiza mgongo wa ubapa kwenye mbao taratibu, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, na pete isirudi nyuma.

Mafuta ya kupikia usiyaguse, yanaganda na kuwa gundi. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja kwenye bawaba, ufungue na kufunga, halafu ufute yote yanayoonekana nje, maana mafuta mengi yakichanganyika na vumbi letu yanageuka dawa ya kusagia valvu. Katika miezi ya upepo mkali unaweza kuyaacha kabisa, ukatumia unga wa ncha ya penseli, ambao unalainisha ukiwa mkavu na haukamati mchanga. Utakapopata kinoo na ukataka kujua mlalo wa ubapa, chukua karatasi, kunja pembe yake mara moja kisha mara ya pili. Hiyo pembe nyembamba inayobaki ni nyuzi 22 na nusu, na inatosha kwa kisu cha kazi zako. Simamisha karatasi pembeni mwa kinoo mpaka mkono uzoee.