Kioo cha darubini ya James Webb: kwa nini berili na dhahabu, si shaba?

Mwalimu_Katuba
Jambo kwenu wote. Natayarisha somo la fizikia kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Lubumbashi. Shaba iliyong'arishwa inarudisha mwanga wa infraredi (ule usioonekana kwa macho) karibu sawa na dhahabu. Kwa nini basi kioo cha James Webb, ile darubini ya angani, hakikufanywa kwa shaba? Na kwa nini kilikatwa vipande 18? Naomba hesabu, maana wanafunzi hawa hawashibi maneno matupu.

Karakana_Kampemba
Mwalimu, kuhusu shaba umesema kweli: kwenye infraredi inarudisha zaidi ya 97% ya mwanga. Ila tenganisha ngozi ya kioo na mwili wake.

Ngozi ni dhahabu yenye unene wa nanomita 100 hivi. Kwa vipande vyote 18 ni kama gramu 48 tu, kwa hiyo bei haikuwa tatizo. Kazi ya kupaka iliisha 2011, darubini ikarushwa tarehe 25 Desemba 2021. Anayeshughulika na katodi (mabamba ya shaba iliyosafishwa) anajua shaba iliyoachwa hewani inavyobadilika rangi, tena haihitaji miaka kumi. Dhahabu haishiki kutu. Kwa kuwa ni laini, juu yake walipaka utando mwembamba wa glasi.

Mwili ndio wenye hesabu nzuri ya ubaoni. Berili ina gramu 1.85 kwa sentimita moja ya ujazo, shaba 8.96. Kipande kimoja cha kioo, bila vishikizo vyake, kina kilo 21 hivi. Umbo lilelile kwa shaba lingekuwa na kilo zaidi ya 100, na vipande 18 vingepita kilo 1,800, wakati darubini yote ina tani 6 na kidogo. Isitoshe, berili ni ngumu kupinda zaidi ya mara mbili ya shaba, na ikishuka chini ya kelvini 100 (nyuzi 173 chini ya sifuri) karibu haisinyai tena.

Utengenezaji wake ni kazi ya subira. Unga wa berili unashindiliwa kwa joto na shinikizo hadi uwe bonge. Bonge la kilo 250 linachongwa kwa nyuma kama sega la nyuki mpaka zibaki hizo kilo 21. Vumbi lake linaharibu mapafu, kwa hiyo uchongaji unafanyika penye mashine za kufyonza hewa. Baada ya kung'arishwa, kioo kinapelekwa kwenye chumba cha baridi kali huko Huntsville, Alabama, kinapimwa jinsi kilivyojikunja, kisha kinarudishwa kusuguliwa *kinyume* cha makosa hayo. Ukikipima katika joto la kawaida utasema kimekosewa. Umbo sahihi kinalipata kikiwa baridini.

Nyota_za_Ruashi
Naongeza sababu ya baridi yenyewe, maana hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Chukua galaksi JADES-GS-z14-0, ambayo z yake, yaani kipimo cha jinsi mawimbi ya mwanga wake yalivyorefushwa njiani, ni 14.18. Mstari wa haidrojeni wa nanomita 121.6 unazidishwa kwa 15.18 (z na 1), unapata 1,846. Kamera ya Hubble, darubini iliyotangulia, inaishia karibu nanomita 1,700. Kwenye mawimbi mafupi kuliko 1,846, haidrojeni ya kale imemeza mwanga wote wa galaksi hiyo, kwa hiyo kwa Hubble ni giza tupu. Waache wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe.

Sasa, kitu chenye joto la chumba kinatoa infraredi. Darubini yenye joto ingejipofusha kwa mwanga wake. Ndiyo maana kuna mwavuli wa tabaka tano za Kapton (plastiki inayostahimili joto), mita 21 kwa 14: tabaka la kwanza milimita 0.05, mengine 0.025. Ni kama dari chini ya bati, ila hapa kati ya tabaka hakuna hewa, na joto linatorokea pembeni kupitia nafasi hizo. Upande wa jua unafika nyuzi 85, wa kivuli karibu 233 chini ya sifuri. Kifaa cha MIRI, kimojawapo cha vifaa vyake vya infraredi, kinahitaji chini ya kelvini 7, kwa hiyo kina friji yake ya heliamu.

Kuhusu vipande: kioo kina mita 6.5, na kichwa cha roketi yake, Ariane 5, kina kipenyo cha mita 5.4 kwa nje. Ilibidi kikunjwe, vipande vitatu kila upande.

Mwalimu_Katuba
Aksanti sana. Na hatari kubwa ilikuwa wapi?

Karakana_Kampemba
Kwenye mwavuli, bila shaka. Ulishikwa na pini 107, na zote zilipaswa kuachia. Zaidi ya hapo kulikuwa na kapi zipatazo 400 na nyaya 90 za kuuvuta. Hesabu ya darubini nzima ilikuwa sehemu 344 ambazo moja tu ikigoma, kazi inaweza kuharibika, na kule umbali wa kilomita milioni 1.5 hakuna fundi wa kwenda. Mwaka 2018, baada ya jaribio la kelele kama za roketi, skrubu na washa za vifuniko vya mwavuli zilikutwa zimedondoka. Afadhali zilidondokea ardhini.

Hatari nyingine ilikuwa hewa inayobaki ndani ya mikunjo ya mwavuli. Roketi ikipanda, shinikizo la nje linaanguka ghafla, na hewa hiyo inaweza kufutua na kuchana utando. Matundu ya kichwa cha roketi yalirekebishwa kwa sababu hiyo.

Nyota_za_Ruashi
Na mwendo, mwalimu. Injini ndogo zote ziko upande wa jua, na darubini haiwezi kugeuka ili ifunge breki, kwani jua lingechoma vioo na vifaa. Kwa hiyo roketi iliirusha makusudi kwa mwendo uliopungua kidogo, na saa 12 na nusu baadaye injini zake zikaongeza kilichobaki. Ariane ililenga vizuri mno, hata mafuta yaliyobaki yanatosha kwa zaidi ya miaka 20, wakati lengo lilikuwa 10.