Kata yetu inaandika mpango wa kuzuia vijana kukosa makazi: tuanzie wapi?

Mjumbe wa Kata (Mwanza):

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto katika kata mojawapo ya jiji la Mwanza, iliyo jirani na stendi ya mabasi. Vijana hushuka hapo wakitokea Geita, Simiyu, Shinyanga na Mara. Wengine wana miaka 12, wengine wamekwishafika 20, na wengi wao hulala kwenye vibaraza vya maduka na alfajiri hubeba mizigo ya abiria na ya wachuuzi wa samaki.

Hadi sasa tumekuwa tukifanya mambo mawili tu, yaani kuwaondoa kwa operesheni na kuwapeleka wadogo kwenye makao ya watoto. Wanaoondolewa hurudi kabla wiki haijaisha, na waliolelewa kwenye makao tunakutana nao tena kibarazani wakishatimiza miaka 18. Sasa Mtendaji wa Kata ametutaka tuandike mpango utakaoingia katika vipaumbele vya bajeti ijayo. Rasimu niliyoletewa na wenzangu inazungumzia jambo moja, kujenga kituo, nami sishawishiki. Mliowahi kufanya kazi hii, mlianzia wapi?

Afisa Ustawi Mstaafu:

Ndugu Mjumbe, umefanya vizuri kutoshawishika. Nimekuwa katika ustawi wa jamii kwa miaka mingi, na mara nyingi nimeona jengo likikamilika huku njia iliyomleta kijana mjini ikibaki wazi kama ilivyokuwa.

Kwanza tenganisheni makundi mawili ambayo rasimu nyingi huyachanganya. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na sheria hiyo inaitwika mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kumlinda na inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Kwa hiyo yeye ana afisa anayewajibika na ana simu ya 116 ya msaada kwa watoto ya kupiga. Siku anapotimiza miaka 18 hayo yote yanamwacha, na anaingia katika kundi linaloitwa vijana, ambalo kwenye makaratasi lina fursa nzuri sana: halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 4 ni za vijana. Lakini mkopo unataka kikundi kilichosajiliwa, kikundi kinataka watu wenye vitambulisho, na fomu ya kitambulisho cha Taifa inataka muhuri wa serikali ya mtaa anakoishi mwombaji. Mtu anayelala kibarazani anaishi mtaa gani? Mwenyekiti anamwambia, "Wewe sikufahamu," na mlango unafungwa hapohapo. Bila kitambulisho hawezi hata kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo vibarua vyake analipwa mkononi na akiba yake inakaa mfukoni, ambako huibwa usiku akiwa amelala.

Ndiyo maana ningeanzia kwenye barua ya utambulisho kabla ya tofali. Kamati yenu ikae na wenyeviti wa mitaa wakubaliane kwamba kijana aliyejulikana na kamati kwa muda fulani, tuseme miezi mitatu, na kudhaminiwa na watu wawili wanaofanya naye kazi stendi au mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, aandikiwe barua. Gharama yake ni wino na karatasi, na hakuna shirika wala wizara inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya mtaa.

Jambo la pili ni kodi. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kijana anayepata riziki yake siku kwa siku hawezi kuikusanya hata akiwa mchapakazi. Zungumzeni na wenye nyumba wachache wakubali kupokea kodi kila mwezi, kamati ikiwa shahidi. Hamtawapata wengi, lakini vyumba vitano vya namna hiyo navithamini kuliko bweni la vitanda 50.

Mkazi wa Mombasa:

Shikamoo Mzee. Naunga mkono hoja ya barua. Huku kwetu ni chifu anayethibitisha, na shida ni ileile.

Nitaongeza la kuhesabu. Kenya ilifanya sensa ya familia za mitaani mwaka 2018 na ikapata watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi peke yake. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na idadi yake kulingana na fedha alizokuwa akiziomba, na Mfuko wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani, ulioanzishwa mwaka 2003, ulipangia watu ambao haukuwa umewahesabu. Hesabu yenu ifanyike usiku wa manane, iongozwe na vijana waliowahi kulala nje, na askari wasiwepo kabisa, kwa maana mkiambatana nao mtahesabu maboksi matupu waliyokuwa wamelalia. Tena msiulize tu umri na jina. Ulizeni ametoka wilaya gani, aliacha shule darasa la ngapi, na usiku wa kwanza alilala wapi. Mkigundua kwamba wengi wanatoka katika wilaya mbili au tatu, basi nusu ya mpango wenu inapaswa kutekelezwa huko kwao.

Mama Mlezi (Dar es Salaam):

Naomba niingilie, maana katika maelezo yote hapo juu sijamwona msichana. Wasichana hamtawahesabu stendi. Wakishuka kwenye basi, dalali wa wafanyakazi wa ndani au mtu mbaya zaidi huwapata kabla kamati haijafika, na tangu hapo wanahesabika kuwa wana makazi kwa sababu wanalala ndani ya nyumba ya mtu. Mwajiri akigombana naye saa tatu usiku, begi lake linatupwa nje ya geti na binti hana ndugu katika jiji zima. Nimewahi kumkuta mmoja amekaa kwenye ngazi za zahanati hadi kunapambazuka, kwa kuwa hapo kulikuwa na taa.

Mpango wenu uwatake mabalozi wa nyumba kumi waandikishe kila msichana wa kazi anayeingia mtaani, pamoja na namba ya simu ya mzazi wake, na uwe na nyumba mbili au tatu za akina mama wanaoaminika zitakazompokea kwa usiku mmoja au miwili.

Mtanzania wa Texas:

Ninafanya kazi na vijana wasio na makazi hapa Austin. Mwaka 2017 serikali ya Marekani iligawa dola milioni 33 kwa jamii 10, mji huu ukiwa mmojawapo, kwa masharti kwamba kila jamii iandike mpango wa pamoja na iwe na baraza la vijana waliowahi kukosa makazi, lenye sauti katika uamuzi. Fedha hizo hamna, najua, lakini sharti la baraza halihitaji fedha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka huohuo ulionyesha kwamba kijana mmoja kati ya 10 wenye umri wa miaka 18 hadi 25 alikosa makazi kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja, na karibu nusu yao hawakulala barabarani bali walihamahama tu kwa marafiki. Kwa hiyo anayosema Mama Mlezi tunayaona hata huku.

Tahadhari moja: msimwite kijana kikaoni aje kusimulia mateso yake na kuondoka na soda. Mpeni rasimu aisome, au asomewe, kisha mwacheni afute asichokubaliana nacho.

Mjumbe wa Kata (Mwanza):

Nawashukuru nyote. Juzi nilimpa rasimu yetu kijana mmoja mbeba mizigo, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza geti la hicho kituo litafungwa saa ngapi, kwa sababu mabasi ya kwanza huondoka kabla ya alfajiri na yeye hupata kazi saa hizo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

Kituo nimekiondoa ukurasa wa kwanza. Kikao cha wenyeviti ni wiki ijayo, nami nitaanza na barua. Kama kuna mwenye nakala ya barua ya namna hiyo iliyowahi kukubaliwa na ofisi ya vitambulisho, aniwekee hapa akiwa amefuta majina.