Mnaokunywa dawa za maumivu kila siku, tupeane uzoefu hapa

Mzee wa Kisigino
Wakuu kwema? Nimemchukulia mzee dawa za mgongo, dada wa dukani kanipa bahasha tatu za kaki, juu kaandika 1x3, 1x2, 1x1, basi. Jina la dawa hakuna. Namuuliza anywe mpaka lini, ananijibu "mpaka apone". Mgongo wenyewe wa tangu enzi za vijiji vya ujamaa, utapona lini? Waliopitia haya waje, nyie mlielekezwa nini?

Ngoja Nione
Nimekaa kwenye kona. Goti langu linahusika.

Mama Pacha
Hizo bahasha zimenikumbusha mbali. Mama yangu ana magoti na presha. Alikuwa na kimkoba chake, humo kila kitu: diklofenaki ya dukani, ibuprofeni ya zahanati, na vidonge vya jirani aliyemwambia "hivi vilinisaidia". Hakuna aliyemweleza kwamba diklofenaki na ibuprofeni ni ukoo mmoja, ukinywa zote mbili unaongeza madhara tu. Presha ikagoma kushuka, tukamgombeza kwamba anaruka dozi, kumbe hizo za maumivu nazo zinapandisha. Akaanza kupata choo cheusi kama lami. Wifi akasema ni matembele hayo.

Alfajiri ya Idi nikasikia kishindo chooni. Namkuta chini, jasho la baridi, viganja vyeupe, ananinong'oneza nisiwaamshe wageni. Hospitali wakamwongezea damu, wakampitishia mpira wenye kamera: vidonda vya tumbo, vinavuja. Na tumbo halijawahi kumuuma hata siku moja! Daktari akamwaga kimkoba mezani, akawa anatenga vidonge kwa ncha ya kalamu. "Mama, nani alikwambia unywe vyote hivi?" Mama akamjibu, "Kila mtu aliniambia chake."

Sasa hivi anatumia Panadol na mazoezi ya goti, na kliniki wanamwangalia figo.

Kipara Ngoto
Dah. Pole sana dada.

Fundi Bomba
Mnatishana bure. Mimi nikitoka saiti diklopa mbili (zina diklofenaki hiyo hiyo), nashushia na maziwa, mwaka wa ngapi huu na nadunda.

Dawa Kaunta
Maziwa hayakukingi mkuu. Dawa ikishaingia kwenye damu inapunguza kinga ya ukuta wa tumbo, ndiyo maana hata ukichomwa sindano vidonda vinaweza kuja. Kula kwanza ni vizuri ila usijidanganye kwamba ndiyo umemaliza. Kama ni za muda mrefu, daktari aangalie kama unahitaji omeprazo, ile ya kupunguza asidi tumboni, pembeni. Mwenye presha, moyo, figo au aliyewahi kuwa na vidonda asizianze kienyeji. Na Panadol nayo mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya mg 500 kwa siku. Angalieni dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli hiyo hiyo ndani.

Fundi Bomba
Wewe si ndio wale wa 1x3?

Dawa Kaunta
Mimi naandika jina la dawa. Usinichanganye na watu.

Fundi Bomba
Wote mnasema hivyo.

Nyuma ya Boda
Diklopa cha mtoto, subirini tramadoli, ile dawa kali ya maumivu inayoweza kukufanya mteja. Mdogo wangu alianguka na boda, mguu ukawekwa chuma, akapewa tramadoli za siku chache. Mguu ukapona, yeye akaendelea, kijiweni kuna mtu anamuuzia bila cheti, anadai zinampa nguvu za kukesha barabarani. Kimoja kikawa hakimtoshi. Siku ya send-off ya dada yetu ukumbi umejaa, MC anaita kaka wa bibi harusi aingie na keki. Jamaa kafika katikati akakakamaa, keki chini, povu mdomoni. Shangazi anapiga yowe pepo limepanda, mchungaji ameshaanza kukemea, upande wa bwana harusi wanarekodi na simu.

Ngoja Nione
Weee! Ndoa ilifungwa?

Kipara Ngoto
Mimi keki ndiyo imeniuma. Lete mwendelezo, usituache njia panda.

Nyuma ya Boda
Ilifungwa. Hospitali wakasema tramadoli ikizidi inaleta degedege, na alikuwa amechanganya na pombe. Kwa aibu akaacha ghafla, hapo ndipo tulipoona kazi: jasho, kuhara, usingizi hapati, mwili unauma kuliko ule mguu. Daktari akamrudishia, akawa anampunguzia kidogo kidogo.

Mtumishi 04
Pepo lilikuwepo. Dawa ilifungua mlango tu.

Kipara Ngoto
Mtumishi, kaa kwa kutulia.

Shemeji wa Tanga
Sasa mmenivuruga. Baba mkwe ana saratani, Ocean Road, hospitali ya saratani, wametupa morfini ya maji ya kutuliza maumivu. Mashangazi wanasema tunamuua. Tuache?

Bibi Muuguzi
Msiache mwanangu. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali kupewa morfini kwa kipimo si uteja. Mpeni kwa saa, msisubiri alie. Kama kaandikiwa kila baada ya saa nne, ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na ile ya saa 4 usiku mara nyingi huandikwa maradufu ili alale hadi asubuhi. Usingizi wa siku za mwanzo utapungua. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dai dawa ya kulainisha mapema. Akiwa haamshiki au anapumua polepole mno, msiongeze, mkimbizeni hospitali. Na chupa ifungieni, wajukuu wasiifikie.

Shemeji wa Tanga
Ahsante bibi. Nawasomea mashangazi sasa hivi.

Tiba Asilia Tz
Tangawizi, manjano na mlonge, goti kwaheri. Njoo inbox.

Mama Pacha
Kimkoba cha mama kilijaa hivyo hivyo, kila mtu na chake.

Ngoja Nione
Mimi na goti langu je? Ile diklofenaki ya kupaka nayo ina shida?

Dawa Kaunta
Ya kupaka inaingia kidogo sana kwenye damu, kwa goti ni afadhali kuanza nayo. Ila usipake huku unameza ya vidonge.

Fundi Bomba
Hiyo ya kupaka bei gani?

Dawa Kaunta
Njoo PM. Na kabla ya hapo kapime presha.